Sikio la Kusokota

Nilikununua mnadani, Kasulu,
shirika lilipofunga ofisi na kuuza hata mapazia.
Sanduku jeusi, kimya, lisilo na uso:
huna kitufe, huna kioo, huna namba,
nyuma tu tundu la antena
na tundu jingine la meno tisa.
Dalali aliuliza mara mbili, hii nini?
Nikasema redio. Watu wakacheka.
Redio gani haina sikio la kusokota?

Ulizoea kuamrishwa na kompyuta.
Bila yake hukohoi.
Nami kompyuta nilikuwa nayo, ya kurithi kwa Bukuru,
mpaka radi ya Machi ilipoteremka Mwanga
ikapita nyayani kama mgeni mwenye haraka
na kuacha harufu ya kucha zilizoungua.

Gwasa, fundi mwenzangu, akanishauri: uza chuma chakavu.
Chuma!
Kitu kinachosikia hadi upande wa pili wa dunia
nikakipime kwa kilo, pamoja na masufuria?

Nikaanza kukusanya.
Kioo niliking'oa kwenye mita ya LUKU iliyokufa,
kina ufa pembeni, pale mtu alipokigonga kwa hasira
uniti zilipokwisha.
Vitufe ni vya simu ya mezani, kumi na viwili,
nyota bado iko mahali pake.
Cha kuzungusha nimekitoa kwenye jiko la gesi la Mama Ntahondi:
huku kimechorwa moto mdogo, huku moto mkubwa.
Na ubongo, kidude cha miguu ishirini na minane,
mwembamba kuliko dagaa mkavu,
niliuagiza Dar, ukaja na treni
umefungwa ndani ya soksi ya mtoto.
Kasha ni debe la mawese.
Nililisugua kwa majivu siku mbili,
na bado likipata joto linanukia mchuzi.

Nyaya tatu tu kati yetu:
wa kusema, wa kusikia, wa ardhi.
Lugha yako sikuijua. Kijitabu chako kilipotea na ofisi.
Usiku wa kwanza nilikusalimu kwa kasi isiyo yako,
ukanirudishia takataka,
kama mtu anayejibu angali usingizini.
Usiku wa pili, kimya. Wa tatu, kimya.
Wa nne nikagundua nimeunga
wa kusema kwa wa kusema:
midomo miwili imebanana, sikio hakuna.
Nikakata. Nikapishanisha.
Lehemu ikanidondokea kidole cha shahada.

Alama elfu tisa na mia sita kwa sekunde:
kumbe ndiyo kasi yako.
Ukataja jina lako, herufi mbili na tarakimu nne.
Ningeruka, lakini maharage yalikuwa yameshika chini.

Jana saa nne usiku umeme ulikatika
kutoka Gungu hadi bandarini.
Wewe hukukatika. Betri ya pikipiki ilikuwa chini ya meza,
na kioo kile cha LUKU,
ambacho maisha yake yote kilihesabu giza linalokuja,
kikang'aa: megahezi saba na ushei.
Nikasokota.
Mvumo. Mluzi. Kwaya ya Kifaransa ikipita mbio.
Halafu mtu, ng'ambo ya ziwa, labda Kalemie, labda Moba,
akihesabu magunia:
kumi na nane... kumi na tisa... hii imelowa, weka kando...
Mwingine akamjibu kwa kikohozi.
Nikakaa nao mpaka gunia la arobaini na moja.

Kosa moja limebaki.
Nikizungusha kulia, namba zinashuka;
kushoto, zinapanda.
Ni kubadilishana nyaya mbili, kazi ya dakika tano.
Gwasa amekuja, amejaribu, amefyonya.
Nimemwambia nitalirekebisha Jumamosi.
Mkono wangu umeshazoea.